Mahali Alipolala Watasema

Mdogo wangu Zaidi ni fundi wa visima, lakini kwa miaka tisa sehemu ngumu ya kazi yake imekuwa ikifanywa na mbwa. Nalisema hilo shingo upande, maana mimi na mbwa hatujawahi kupatana. Mtu akitaka kisima, Zaidi humsubirisha mpaka kiangazi kikolee. Kisha humpeleka mbwa uani kwa mtu huyo, humfungua kamba, na yeye mwenyewe hukaa kivulini kama mtu aliyekuja kutembea. Mbwa hunusa, huzunguka, hukojolea kila mti uliopo. Ikifika saa saba mchana, wakati hata kuku wamechoka, huchagua mahali, huparura udongo kidogo na kujilaza. Hapo ndipo Zaidi anapopiga sululu.

Visima kumi na viwili wamechimba kwa namna hiyo, na viwili tu vilitoka vikavu. Anayeijua Handeni hatacheka. Kwetu maji ni jambo la kuulizana hata kabla ya kuulizana habari za watoto.

Jina la mbwa ni Watasema. Zaidi alimpa jina hilo kwa sababu alijua watasema, na kweli walisema. Baba yetu alikuwa mwadhini. Sasa mwanawe anafuga mbwa, tena anazunguka naye majumbani kwa Waislamu wenzake. Lakini kisima cha kwanza alikichimba kwa Mzee Hussein, imamu wetu, na maji yalipotoka imamu aliulizwa mbele za watu kama maji yaliyoonyeshwa na mbwa yanafaa kutilia udhu. Mzee Hussein alijibu taratibu. "Mbwa alilala juu, maji yako chini. Katikati pana futi ishirini na tano za udongo, na udongo unasafisha." Tangu siku ile wenye nyua kavu wakaacha kusema sana.

Aliyebaki kumpinga mbwa ni Stefano, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani akaoa huku, na ndiye anayevuta kamba Zaidi akiwa shimoni. Stefano ni Mkristo, hana shida ya najisi, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha Watasema. Lakini hakumwamini. "Mbwa anatafuta ubaridi tu," aliniambia mara nyingi. "Hata mimi nikiwa na manyoya kwenye jua hili ningetafuta." Nilimwuliza ubaridi huo unatoka wapi kama si kwenye maji. Akasema labda. Stefano akibanwa husema labda.

Mimi ni mkubwa wa Zaidi kwa miaka mitano. Ninaishi Korogwe mjini, Manundu, nauza mchele na maharage sokoni, na kila baada ya miezi miwili au mitatu huenda kijijini kumwona. Kila nilipokwenda niliondoka nimekasirika kwa jambo moja lile lile. Nyumba ya fundi wa visima haikuwa na kisima.

Mganga hajigangi, nilijua, lakini huku kulikuwa kupita kiasi. Zaidi alikuwa na jibu lake. Watasema hakuwahi kulala mchana katika uwanja ule. Alilala chini ya ghala la mahindi, alilala njiani, alilala kwa jirani yao Mwantumu, lakini uwanja wa nyuma ya nyumba, pale jikoni, alikuwa akipita tu. "Hapa hakuna kitu, dada," Zaidi alisema, na uso wake ulikuwa wa fundi anayejua kazi yake. Basi mke wake Mwanaisha aliendelea kwenda lamboni. Kwenda ni dakika arobaini. Kurudi na ndoo kichwani sikuwahi kupima, lakini ni zaidi. Alikwenda kwa miaka kumi na tisa.

Wifi yangu hakuwa mlalamikaji, na hilo liliniudhi kuliko kiangazi chenyewe. Mbwa alimfuata kila siku, kwenda na kurudi. Yeye hakumgusa hata mara moja, kwa sababu ya swala zake. Alimtupia ukoko wa ugali kwa mwiko mrefu, akiwa amegeuza uso, kama mtu anayelisha moto. Lakini ukoko ulikuwa mwingi kuliko unavyobaki kwenye sufuria yoyote ya haki. Nilimwambia, "Wifi, unampikia mbwa." Akacheka akafunika mdomo na kanga.

Mwezi wa nane mwaka jana, Watasema alirudi kutoka lamboni peke yake, mgongo umelowa maji. Zaidi hakuuliza mara mbili, alimfuata mbio. Alimkuta Mwanaisha njiani, amelala ubavu, ndoo imepinduka karibu naye. Ilikuwa presha. Waliomfikisha hospitali walisema alikuwa amekwisha ondoka kabla ya kupakiwa kwenye pikipiki.

Tuliomwosha tulikuwa wanawake watatu. Uani nyuma ya nyumba walituzungushia mikeka na kanga, na kabla ya hapo wanaume walikuwa wamechimba mfuo, yaani shimo la kupokea maji ya kumwoshea maiti, ili yasitapakae yakakanyagwa. Yalikuwa maji yenye majani ya mkunazi, na mwishoni karafuu maiti. Maji yenyewe yalitoka kisimani kwa Mzee Hussein, madumu sita, na nakumbuka niliwaza kwamba siku hiyo ndiyo siku aliyoletewa Mwanaisha maji mengi kuliko zote maishani mwake. Tulipomaliza mfuo ukafukiwa. Nilishindilia udongo mwenyewe kwa miguu yangu mpaka pakawa sawa na pengine.

Siku ya nne baada ya mazishi, saa saba mchana, Watasema alikwenda akaparura kidogo juu ya mfuo ule, akalala.

Tuliokuwapo msibani kila mtu alikuwa na maneno yake. Stefano alisema udongo umelowa, madumu sita si mchezo, mbwa anatafuta ubaridi. Mwingine akasema ni harufu ya karafuu maiti. Tulimfukuza, akarudi. Tukamfunga kamba, akalia mpaka tukamfungua kwa aibu ya wageni.

Nilirudi kwenye arobaini nikamkuta pale pale. Udongo ulikuwa umekauka zamani, umepasuka kama kisigino, na karafuu maiti sidhani kama ilibaki kitu. Yule jirani yao Mwantumu, ambaye habari za kila nyumba anazo kabla ya wenye nyumba, alinivuta pembeni ya jiko. "Huyo hafuati maji," aliniambia. "Huyo anamwona mwenyewe. Dada Mashavu, kama huamini, chukua tongo zake ujipake machoni, utaona anachokiona."

Habari hiyo kila mtu wa huku amelelewa nayo. Mbwa huona visivyoonwa, na ukijipaka tongo zake nawe utaviona, ila wengine waliojaribu wakarukwa na akili. Nilimwambia Mwantumu aache upuuzi, mimi ni mtu mzima ninayeswali. Halafu nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Wageni wa arobaini walikuwa wametawanyika, Zaidi amejilaza ndani. Nilichomoa ujiti kwenye fagio la chelewa, nikamwendea Watasema, nikampangusa kwenye pembe ya jicho. Alikaa kimya, akaniachia, kana kwamba mambo hayo tunafanyiana kila siku, na utulivu ule ulinikera. Nikasema Bismillahi, ingawa sidhani kama ni mahali pake, nikajipaka kwenye jicho la kushoto. Nikakaa kwenye kigoda nikasubiri.

Niliona jiko. Niliona mtungi. Niliona kanga mbili kwenye kamba, moja ikiwa ya marehemu. Kisha Watasema akainua kichwa, na macho yake yakaanza kwenda taratibu kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mtungi, kama unavyomfuata kwa macho mtu aliyebeba kitu kizito. Pale penye mtungi yalisimama. Akapiga mkia chini mara moja, akalaza kichwa. Mimi nilitazama palepale alipotazama, nikaona mtungi.

Huenda alikuwa nzi. Jicho lilinivimba wiki nzima, na sokoni nikawaambia ni vumbi. Nililiosha mara saba kama inavyotakiwa kwa najisi ya mbwa, ila ile mara ya udongo niliiruka, maana hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kutia udongo kwenye jicho. Kwa hiyo sikumwona wifi yangu. Lakini kusema hakuwapo nako nashindwa, na hapo ndipo nilipokwama, nimekwama mpaka leo.

Vuli ikapita bila mvua ya maana. Kufikia mwezi wa pili lambo lilikuwa tope la kugombea na ng'ombe, na kisima cha Mzee Hussein kilikuwa kikitoa ndoo kumi kwa siku, kisha kinapumzika. Na kijiji kizima kilijua kwamba Watasema, mbwa aliyeonyesha visima kumi, alikuwa amelala karibu miezi sita mahali pamoja uani kwa fundi mwenyewe. Wanawake walimwendea Zaidi kwa upole. Akakataa. Wakaenda tena, safari hii na ndoo zao, wakakaa barazani. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Ndipo Mwantumu aliponipigia simu. "Njoo umseme mdogo wako. Sisi katushinda."

Nilipanda basi la kwenda Handeni kesho yake, nikashuka njiani nikamalizia na bodaboda. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya mbwa, mikono magotini, amekonda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kwa nini huchimbi?"

Nikamwambia maneno mengi, mengine sikutakiwa kumwambia mfiwa. Nikamwambia kama anadhani mbwa anamlinda Mwanaisha pale, Mwanaisha yuko makaburini, nilimwona akishushwa, na wanawake wenzake wanakufa na ndoo kichwani kama yeye. Aliposikia neno hilo aliinua uso. Nilidhani nimemkasirisha, na nilitaka akasirike, kuliko kukaa vile. Akasema, "Na kama ni pakavu?"

"Pakiwa pakavu tutajua mbwa ana mambo yake, tutafukia, tutakuacha."

"Haya," alisema. "Tuone kama ni pakavu."

Mzee Hussein aliulizwa tena, maana kuchimba kisima mahali pa mfuo hakuna aliyewahi kukusikia. Alikuja mwenyewe, akapatazama, akamtazama na mbwa. "Maji yale ardhi imeshayanywa zamani," alisema. "Chimbeni. Ila udongo wa juu, futi mbili tatu, upelekeni mbali, mioyo ya watu itulie." Tukaupeleka mbali. Watasema akafungwa kwenye nguzo ya ghala.

Nilikaa siku zote za kuchimba, nikiwapikia. Na jambo lililonichanganya halikuwa mbwa, lilikuwa Zaidi. Fundi wa visima akikosa dalili ya maji hununa, anasema kidogo, anatupa sululu. Huyu kila futi ya udongo mkavu ilimchangamsha. Futi ya kumi alianza kupiga soga kutoka shimoni. Futi ya ishirini tukamsikia anaimba wimbo wa harusi, sauti inapanda kutoka chini ya ardhi, na sisi juu tunatazamana. Jioni yake alikula sahani mbili za ugali, mtu ambaye nilikuta mifupa ya mabega inaonekana kwenye shati.

"Dada Mashavu," Stefano aliniambia huku anakunja kamba, "nimefanya naye kazi miaka sita. Sijawahi kumwona hivi. Au shimo limemwingia kichwani?"

Nilimwambia labda. Nilikuwa nimejifunza kwake.

Mbwa naye tulimfungua siku ya tatu kwa sababu ya makelele. Hakuja kwenye shimo. Alipanda juu ya rundo la udongo tuliokuwa tukiutoa, udongo mkavu kama unga, akalala juu yake. Sasa hapo ndipo uniambie alikuwa anafuata nini. Ubaridi haukuwapo. Karafuu maiti tuliitupa mbali siku ya kwanza. Stefano alikuna kichwa akaendelea kuvuta.

Siku ya sita, futi thelathini na moja, Zaidi alitoka mapema. Alipangusa mikono na miguu kwa gunia kabla hajakanyaga juu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akawaambia wanawake waliokuwa wakisubiri na ndoo zao, "Samahanini mama zangu. Ni pakavu. Kesho tunafukia." Alikuwa anatabasamu. Wanawake waliondoka na ndoo tupu. Mwantumu peke yake aliguna, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyanywa hayo maji.

Alfajiri baada ya kuswali nilikwenda kuliaga shimo. Sijui niseme vipi. Nilitaka tu kulitazama kabla halijafukiwa, maana nilikuwa nimelipigia kelele nyingi. Kwa hasira nikaokota kokoto nikalitupa ndani.

Lilisema chubwi.

Nilishusha ndoo. Ilirudi na tope, na juu ya tope maji, kama vikombe vitatu. Nikachovya kidole nikaonja. Nikaita kwa sauti ambayo ilimwamsha hata Mwantumu kwake. Zaidi alitoka ndani, akaja, akatazama ndoo, kisha akakaa chini palepale kwenye udongo. Hakushangaa. Hapo nikaelewa lile gunia la kupangusia miguu.

"Uliyajua," nilisema.

"Jana mchana. Udongo ulibadilika chini ya unyayo."

"Ukawaambia pakavu. Wanawake wanagombea tope na ng'ombe, wewe unawaambia pakavu. Una akili timamu, Zaidi?"

"Dada," alisema, "kama yapo leo, yalikuwepo na mwaka jana."

Niligeuka nikatazama mlango wa jiko. Baadaye nilizihesabu hatua, ni kumi na nne, hatua za mwanamke mfupi. Miaka kumi na tisa alitoka kwenye mlango ule na ndoo, akapita juu ya maji, akaenda kuyatafuta maji.

"Aliwahi kuniomba," Zaidi alisema. "Mwaka ule mbwa alipoanza kazi. Akasema, chimba na hapa kwetu hata kidogo, tuone. Nikamwambia Watasema hajalala hapa. Akasema haya. Hakuniomba tena. Nilimwamini mbwa kuliko mke wangu."

Mimi ni mtu wa maneno, watu wa Manundu watakuambia, lakini asubuhi ile nilikumbuka tu jambo alilowaambia wenye visima vile viwili vilivyotoka vikavu. "Lakini maji ya chini yanatembea," nilimwambia. "Wewe mwenyewe husema hivyo. Yanatoka huku yanakwenda kule. Labda mwaka jana hayakuwapo. Labda yamekuja juzi, ndiyo maana mbwa amelala sasa."

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mfiwa. "Hayo huwa nawaambia watu nikikosa."

Tangu siku ile nimeligeuza jambo hili kila upande na kila upande linachoma. Kama mbwa anayajua maji, kwa nini alinyamaza miaka minane katika uwanja ule, akimfuata yule mama lamboni na kurudi? Kama hayajui, na sisi tumekuwa tukichimba kwa bahati, basi Zaidi angeweza kupiga sululu siku yoyote, mahali popote pale uani, na mkewe angekuwa hai, au angalau angefia kitandani. Na kama mbwa alilala pale kwa ajili ya Mwanaisha, na maji yakawa yapo tu, basi ni nani aliyetuonyesha? Kama ni Mwanaisha, kwa nini atuonyeshe baada ya kiu yake kwisha? Nilimwuliza Mzee Hussein. Akasema Mungu ndiye ajuaye. Nikamwambia hilo nalijua, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Kisima kilimaliziwa, kikajengewa, kikawekewa mfuniko wa bati. Wanawake wakawa wanateka asubuhi na jioni, wakisema Alhamdulillahi na kumwombea marehemu. Zaidi hakuwazuia. Lakini Mwantumu akanipigia tena. Mdogo wangu hayagusi maji yale. Kila asubuhi anachukua madumu mawili, anakwenda lamboni kwa miguu, mbwa nyuma yake, anarudi na tope lile analichuja kwa kitambaa, analinywa. Kisima kiko hatua kumi na nne kutoka jikoni kwake. Visima vya watu ameacha kuchimba. Watoto wanamcheka njiani, na wakubwa wamekwisha sema amerukwa.

Nilikwenda mwezi wa nne, masika yakiwa yamechelewa. Nilimkuta ndiyo kwanza anaingia kutoka lamboni, jasho linamtiririka, Watasema anahema nyuma yake. Aliniamkia akaenda kutafuta kiti. Mimi nikayatazama yale madumu, rangi ya chai ya maziwa, nikapandwa na hasira zangu. Niliyabeba moja moja nikayamwaga yote kwenye mpapai. Zaidi alisimama na kiti mkononi akaniangalia.

Nikateka maji kisimani. Nikachukua kikombe cha bati chenye ua la bluu, nikakijaza, nikakiweka chini mbele yake. "Kunywa."

Aligeuza uso. Nikamwambia tena kunywa, mimi ndiye mkubwa wako, namwambia mdogo wangu anywe maji. Tukakaa hivyo, yeye ametazama ghala, mimi namtazama yeye, nikijua kwamba nimekosea na sijui namna ya kurudi nyuma. Ndipo Watasema alipokuja katikati yetu, akaingiza mdomo kwenye kikombe, akanywa maji yote mpaka bati likagonga.

Sijui kama alikuwa na kiu. Alikuwa ametembea mwendo mrefu, na maji ya lambo nilikuwa nimeyamwaga. Lakini ndoo iliyojaa ilikuwa wazi karibu naye, akaiacha.

"Tupa hicho," nilimwambia Zaidi. "Nitakuletea kingine kutoka Korogwe."

"Hiki hakitupwi," alisema. "Cha Mwanaisha hiki."

Kilikuwa kimelambwa na mbwa. Kisipotupwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Na pale nyumbani maji mengine hayakuwapo ila ya kisima. Zaidi alilitambua hilo pole pole, nikaona anavyolitambua. Akainuka. Akaenda kwenye rundo la udongo wa kisima, ambao bado haujachukuliwa, akachota kiganja, akaja nao. Kisha akafunua bati, akashusha ndoo mwenyewe, akavuta. Mikono ilijua kazi, kamba haikumshinda.

Alianza na udongo, akausugua ndani ya kikombe na kwenye ukingo, akaosha. Moja. Akamimina, akasuuza. Mbili. Nilikuwa nahesabu moyoni, yeye alikuwa akihesabu kwa midomo. Tatu. Nne. Mwanamume mwenye ndevu nyeupe, amechuchumaa kando ya kisima chake, analia na kuosha kikombe. Nami nililia. Tano. Sita. Watasema alikuwa ametuacha amekwenda kulala chini ya ghala, mahali alipokuwa akilala zamani.

Saba. Zaidi alikijaza kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akanywa nusu. Akatulia, akapitisha ulimi kwenye midomo kama anavyofanya fundi kwenye kila kisima kipya.

"Yana chumvi kidogo," alisema. "Mwanaisha asingeyataka kwa chai."

Sijui kama ni kweli. Nilimwambia ni kweli.